Nani wa kulaumiwa kwa aproni ya Hattie McDaniel?

Hattie McDaniel alikuwa Mtu Mweusi wa kwanza kupata tuzo ya Oscar, na aliipata kwa kuigiza mtumwa anayewapenda mabwana zake. Mambo hayo mawili hayatenganishiki, na ndiyo yaliyozua ubishi ambao haujaisha tangu Februari 1940. Wapo wanaosema alifungua mlango uliokuwa umepigwa kufuli. Wapo wanaosema aliingilia mlango wa jikoni, akawaachia wenziwe sifa mbaya iliyochukua vizazi kufutika. Mimi nimezitazama filamu zake na kuzipima hoja za pande zote mbili, na msimamo wangu ni huu: waliozilaumu filamu zile walikuwa na haki, lakini mzigo wa lawama waliutua kwenye kichwa kisichostahili kuubeba peke yake. Hattie ana sehemu yake, nami nitaieleza bila kumfichia. Sehemu kubwa zaidi ni ya watu ambao majina yao hayatajwi kabisa ubishi huu unapopamba moto.

Alizaliwa Wichita, jimbo la Kansas, mwaka 1893, kitinda mimba katika familia ya watoto 13. Wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Baba yake, Henry, alipigana upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, kwenye kikosi cha askari Weusi, akarudi na majeraha yaliyomsumbua maisha yake yote. Mama yake, Susan, alikuwa mwimbaji wa kanisani. Familia ilihamia Colorado, na Hattie akakulia Denver, mji ambao watoto Weusi walikuwa wachache shuleni. Kaka zake Otis na Sam na dada yake Etta wote waliingia kwenye sanaa ya jukwaani.

Ipo sehemu moja ya ujana wake ambayo wanaomshambulia hawaigusi, na wanaomtetea huipita mbio. Yeye na Etta walianzisha kundi la wanawake pekee huko Denver, wakifanya vichekesho vya jukwaani vya aina ile iliyoanzishwa na Wazungu waliojipaka masizi usoni ili kuwacheka watumwa. Katika maonyesho hayo Hattie aliigiza yaya wa shambani, yule mwanamke mnene mwenye kitambaa kichwani ambaye baadaye Hollywood ingemfunga naye maisha. Tofauti ni kwamba watazamaji wa Denver walikuwa Weusi wenzake. Walijua vizuri kwamba anayechekwa pale si yaya, bali ni Mzungu anayeamini kuwa yaya wa namna ile yupo. Mhusika ni yuleyule na aproni ni ileile. Kilichobadilika baadaye ni nani aliyekaa kwenye viti, na nani aliyeshika kalamu ya kuandika maneno. Sioni namna ya kuhukumu kazi yake ya baadaye bila kuanzia hapo.

Miaka ya 1920 aliimba na bendi ya George Morrison, akasikika redioni Denver, na kati ya 1926 na 1929 akarekodi nyimbo za bluzi, nyingine alizitunga mwenyewe. Kisha uchumi ukaporomoka mwaka 1929, safari za wasanii zikakatika, akajikuta Milwaukee bila kazi ya sanaa. Kibarua alichopata kilikuwa cha kuhudumia wanawake kwenye vyoo vya klabu moja ya usiku iliyokuwa na wateja Wazungu. Inasimuliwa kwamba usiku mmoja walikosa mwimbaji, akapanda jukwaani, na tangu hapo hakurudi tena chooni. Mwaka 1931 alikwenda Los Angeles, ambako Sam na Etta walikuwa wametangulia. Huko alipata kipindi redioni na wasikilizaji wakampenda, ila malipo hayakutosha hata kodi ya nyumba, kwa hiyo mchana alifua na kusafisha nyumba za watu. Alipokuja kuvaa aproni mbele ya kamera, alikuwa ameshaivaa kwa mshahara halisi.

Ili kumwelewa, lazima kwanza ueleweke mtambo uliomwajiri. Studio kubwa za Hollywood zilimiliki waigizaji kwa mikataba, zikatengeneza filamu, na nyingi zikamiliki hata majumba ya sinema. Kanuni za maadili za sekta hiyo, zilizoanza kutekelezwa kwa nguvu mwaka 1934, zilipiga marufuku kuonyesha mapenzi kati ya Mweusi na Mweupe. Kwa mwanamke Mweusi hilo lilikuwa na maana moja: katika filamu ambayo mhusika mkuu ni Mzungu, yaani karibu filamu zote, hawezi kuwa mpenzi wala mke, na hawezi hata kuwa mpinzani wa mapenzi. Juu ya hapo, studio ziliogopa wenye majumba ya sinema wa majimbo ya Kusini, ambao waliweza kukata kipande au kuikataa filamu nzima wakimwona Mweusi anayejiheshimu kupita walivyozoea. Iliyobaki ni kazi ya mtumishi wa ndani.

Wenye hoja dhidi ya Hattie huanza na Gone with the Wind ya 1939, na ni sawa kuanzia hapo, kwa sababu filamu ile ilienea duniani kote na bado inatazamwa. Mhusika wake hana hata jina la kuzaliwa. Anaitwa Mammy basi. Hana mume, hana mtoto, hana kwao. Vita vinakwisha, utumwa unafutwa, yeye anabaki palepale akiwatunza waliommiliki kana kwamba uhuru ni habari ya watu wengine. Mtazamaji asiyejua historia anatoka ukumbini akiamini kwamba utumwa wa Georgia ulikuwa familia kubwa yenye mapenzi, na kwamba kilichoharibu mambo ni jeshi la Kaskazini. Magazeti ya Watu Weusi na wanachama wa NAACP, chama kilichopigania haki za Watu Weusi tangu 1909, waliyasema hayo wakati uleule. Katika miji kadhaa watu waliandamana nje ya majumba ya sinema. Malcolm X ameeleza katika maisha yake aliyoyasimulia jinsi alivyokuwa Mweusi pekee ndani ya ukumbi wa sinema huko Mason, Michigan, filamu ile ilipoonyeshwa, na jinsi alivyotamani kujificha chini ya zulia mwigizaji mwingine Mweusi, Butterfly McQueen, alipoanza kulia na kubabaika kama mtoto. Maumivu ya kijana yule ni ushahidi ambao utetezi wowote wa Hattie lazima uujibu.

Nami naongeza hoja ambayo huipati mara nyingi kwenye ubishi huu. Sensa ya Marekani ya 1940 ilionyesha kwamba takriban asilimia 60 ya wanawake Weusi walioajiriwa walikuwa wakifanya kazi za ndani. Kwa hiyo hakuna anayeweza kusema Hollywood ilibuni mtumishi Mweusi. Alikuwepo, na alikuwa wengi. Lakini Sheria ya Hifadhi ya Jamii ya 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa ndani na wa mashambani. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya 1938 nayo haikuwafikia wafanyakazi wa ndani, na ilibidi wasubiri hadi 1974 ndipo wengi wao wakaingizwa. Sasa mweke mwanamke huyo asiye na pensheni wala kima cha chini kando ya Mammy wa kwenye pazia, asiyeulizia mshahara na asiyekuwa na watoto wanaomsubiri jioni. Filamu zilimwonyesha mtumishi asiyehitaji kitu, katika miaka ileile ambayo Bunge lilikuwa likiamua kutompa kitu. Sisemi sinema ndiyo iliyoandika sheria. Nasema ilimpa raha mtu aliyeipigia kura.

Ndiyo maana jibu maarufu la Hattie kwa wakosoaji wake haliniridhishi. Linanukuliwa kwa namna tofauti tofauti, ila kiini chake ni kwamba haoni sababu ya kulalamika akilipwa dola 700 kwa wiki kuigiza mtumishi, wakati asingefanya hivyo angelipwa dola 7 kwa wiki kuwa mtumishi kweli. Kwa upande wake lilikuwa kweli tupu. Alishazipokea dola za aina zote mbili. Lakini wakosoaji hawakumuuliza kuhusu mfuko wake. Waliuliza kuhusu wanawake waliobaki kwenye zile dola 7, na picha aliyokuwa akiisambaza ilifanya nini kwao. Hilo jibu linalipita swali. Na hapa ndipo ninapoiweka sehemu yake ya lawama, pamoja na kukubali kwake kucheza katika Song of the South ya Disney mwaka 1946, filamu nyingine ya mashamba ya Kusini yenye Weusi wanaoimba kwa furaha, ilhali kufikia wakati huo pingamizi zote alishazisikia na jina lake lilishakuwa kubwa. Mwaka 1947 aliandika katika gazeti la sekta hiyo, The Hollywood Reporter, akiitetea Hollywood. Mtu anaweza kulazimika kuifanyia kazi nyumba fulani. Kuisifia hadharani ni hiari.

Upande wa pili sasa, na sitaki kuupita haraka, kwa sababu ushahidi wake uko kwenye kazi yenyewe na watu wengi huhukumu kazi hiyo bila kuitazama.

Chukua Alice Adams ya 1935, Katharine Hepburn akiwa nyota. Familia ya Wazungu wa kipato kidogo inamwalika kijana tajiri chakula cha jioni, nayo inataka aamini kuwa wao pia ni watu wa hadhi. Wanamkodi Malena, ambaye ni Hattie, kwa usiku mmoja. Jioni ni ya joto kali, chakula walichokipanga ni kizito na cha moto. Malena anapita na sahani kwa mwendo wake mwenyewe, kofia ya mtumishi ikimteleza kichwani, uso umemwia mzito, na kila anapoingia uongo wa familia unafichuka kidogo zaidi. Unaweza kuiona kama kichekesho cha mtumishi mvivu, na wengi waliiona hivyo. Mimi namwona mwanamke pekee mezani pale asiyejifanya. Mwelekezi hakumpa maneno mengi. Yote yamefanywa na macho, na jinsi anavyochelewa nusu sekunde kabla ya kutii.

Au tazama katika Gone with the Wind penyewe, mwishoni, mtoto wa Rhett Butler, mhusika mkuu wa kiume, anapokufa kwa kuanguka kwenye farasi. Mammy anampandisha Melanie ngazi ndefu ya nyumba ile, na huku wakipanda anamweleza yaliyotokea: Rhett alivyompiga risasi farasi mdogo, alivyorushiana maneno na mkewe, alivyojifungia chumbani na maiti ya mtoto na kukataa asizikwe kwa kuwa alikuwa akiogopa giza. Kamera inawafuata ngazi baada ya ngazi. Msiba mkubwa kuliko yote katika filamu hiyo ndefu umekabidhiwa sauti ya Hattie, bila kuonyeshwa, na anaubeba bila kupiga yowe hata mara moja. Wanaosema alipewa Oscar kwa sababu Wazungu walipenda kumwona Mammy hawajasema uongo, ila waitazame tena ngazi ile. Aliyeshindana naye kwa tuzo ileile alikuwa Olivia de Havilland, huyohuyo anayepanda naye ngazi.

Mwaka 1942 akapata nafasi ambayo inanifanya nisikitike kila nikiifikiria, kwa kuwa inaonyesha kilichowezekana. Katika In This Our Life, iliyoelekezwa na John Huston, bado ni mfanyakazi wa ndani, lakini safari hii ana nyumba yake na mtoto wake, kijana anayetaka kusomea sheria. Bette Davis anaigiza mwanamke anayemgonga mtoto kwa gari na kumsingizia kijana huyo. Hattie anasimama akieleza kwamba mwanawe alikuwa nyumbani naye usiku ule, na kwamba polisi hawakutaka kumsikiliza. Hakuna kichekesho hapo. Ni dakika chache, na zinatosha kuonyesha kwamba kipaji hakikuwa tatizo. Aliyekosekana ni mwandishi wa kumwandikia na studio ya kumlipa mwandishi huyo.

Usiku wa tuzo wenyewe, tarehe 29 Februari 1940, ulieleza hali yote kwa kupanga viti tu. Sherehe ilifanyika kwenye ukumbi wa Cocoanut Grove, Hoteli ya Ambassador, Los Angeles, hoteli ambayo haikuwapokea wageni Weusi. David O. Selznick, mtayarishaji wa filamu, aliomba Hattie aruhusiwe kuingia, wakamruhusu, wakamweka kwenye meza ndogo pembeni mbali na wenzake wa filamu ileile. Alitoka pale kwenda kupokea tuzo na kusema anatumaini daima atakuwa heshima kwa watu wake na kwa sekta ya filamu, kisha akarudi palepale pembeni. Miezi miwili kabla, filamu ilipozinduliwa Atlanta, waigizaji Weusi hawakuhudhuria kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Georgia. Inasimuliwa kwamba Clark Gable, nyota Mzungu wa filamu hiyo, alitaka kususia na ni Hattie aliyemsihi aende. Wapo wanaomwona mnyonge kwa hilo. Mimi naliona ni hesabu ya mtu anayejua kwamba Gable akisusia, Gable atarudi kazini Jumatatu, na yeye huenda asirudi.

Kuanzia 1942 ugomvi ukapata sura ya watu wawili. Walter White, katibu mtendaji wa NAACP, alifika Hollywood pamoja na Wendell Willkie, aliyekuwa mgombea urais wa chama cha Republican mwaka 1940, wakakutana na wakuu wa studio kutaka Weusi waonyeshwe kama raia wa kawaida. Madai yalikuwa ya haki na yalihitajika. Kosa la White lilikuwa kuzungumza na waajiri bila kuzungumza na wafanyakazi. Waigizaji Weusi waliokuwa wakila kupitia nafasi za watumishi walisikia kwamba nafasi zao zinajadiliwa mezani na mtu ambaye hakuwahi kuwauliza kitu. Halafu White alikuwa na ngozi nyeupe na macho ya buluu, na aliyemtanguliza kama sura mpya ya mwanamke Mweusi kwenye sinema alikuwa Lena Horne, mwembamba wa ngozi ya maji ya kunde. Hattie, mweusi na mnene, aliusikia ujumbe ambao pengine White hakukusudia kuutuma. Nadhani alikuwa na haki ya kuumia.

Ajabu ni kwamba Lena Horne mwenyewe hakuuingia ugomvi huo. Alisimulia baadaye kwamba waigizaji wenzake Weusi walipomnunia, Hattie alimwita nyumbani kwake, akampokea vizuri na kumweleza maisha ya kazi ile yalivyo. Na tazama studio zilimfanyia nini Lena, ambaye mkataba wake ulimlinda asicheze mtumishi: katika filamu nyingi walimpa wimbo mmoja wa kuimba akiwa peke yake, kipande kilichopigwa makusudi kwa namna ambayo wenye sinema wa Kusini wangeweza kukikata bila hadithi kuharibika. Aliyevaa aproni alibaki ndani ya hadithi kwa masharti ya kudhalilishwa. Aliyeikataa aproni aliwekwa nje ya hadithi. Njia zote mbili zilipangwa na ofisi zilezile, lakini magazeti ya wakati ule yalijaa habari za White na Hattie. Majina ya wakuu wa studio Louis B. Mayer na Jack Warner, na la Selznick, yalionekana kwenye kurasa za mapato.

Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, anasaidia kupima haki ya lawama hii. Alicheza na Hattie katika Show Boat ya 1936. Mwaka mmoja kabla alikuwa amecheza Uingereza katika Sanders of the River, filamu iliyoutukuza utawala wa kikoloni Afrika, na ndani yake, kwa muda mfupi, anaonekana Jomo Kenyatta akiigiza chifu, siku alizokuwa akiishi London. Robeson aliikana filamu ile baadaye. Kenyatta aliendelea na siasa zake, na sijapata kukutana na mtu anayempima kwa kibarua kile. Robeson naye tunampima kwa sauti yake, siasa zake na mateso aliyoyapata. Sidai kwamba Hattie alikuwa na siasa za Robeson. Nadai kwamba naye anastahili kupimwa kwa maisha yake yote, kama tunavyowapima wanaume hao.

Na nje ya studio maisha yake yana tukio moja ambalo kwangu lina uzito kuliko tuzo. Aliponunua jumba kubwa katika mtaa wa West Adams Heights, Los Angeles, eneo lililokuja kuitwa Sugar Hill, majirani Wazungu walifungua kesi. Hati za viwanja vya eneo hilo zilikuwa na sharti kwamba asiye Mzungu haruhusiwi kumiliki wala kuishi pale. Sharti kama hilo lilikuwa halali kabisa katika sehemu kubwa ya Marekani, na ndilo lililowabana Weusi kwenye mitaa michache iliyojaa kupita kiasi. Wakazi Weusi wa Sugar Hill, wakiwemo waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters, walikataa kuhama. Hattie alikuwa miongoni mwa waliosimama mbele kuwaunganisha, na mikutano ikafanyikia nyumbani kwake. Wakili wao alikuwa Loren Miller. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliitupilia mbali kesi, akisema wakati umefika wa Weusi kupata kikamilifu haki walizohakikishiwa na Marekebisho ya 14 ya Katiba. Miaka mitatu baadaye, katika shauri la Shelley dhidi ya Kraemer, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kutekeleza masharti ya namna hiyo popote nchini, na Miller alikuwa mmoja wa mawakili walioipigania hatua hiyo.

Hela za aproni ndizo zilizonunua nyumba ile na kumwezesha kusimama mahakamani. Hilo halifuti alichokiona Malcolm X pale Mason. Ila anayesema Hattie aliwasaliti watu wake inabidi aeleze familia zilizobaki Sugar Hill azihesabu upande gani. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 serikali ilipitisha barabara kuu katikati ya mtaa huo na kubomoa nyumba nyingi ni aibu nyingine, na si ya Hattie.

Redioni pia alijitahidi kushika usukani kidogo. Kipindi cha Beulah kilihusu mfanyakazi wa ndani Mweusi, na kabla yake sauti ya Beulah ilikuwa ya wanaume Wazungu waliobana koo. Hattie alipoingia mwaka 1947 akawa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa nyota wa kipindi cha redio cha taifa zima, na alikataa kuzungumza ile lafudhi ya kuvunjavunja maneno ambayo waandishi waliipenda. Mabadiliko hayo yalikuwa ya kweli. Mabadiliko hayo pia yalikuwa madogo: Beulah bado alikuwa akitatua matatizo ya familia ya Kizungu, na mwaka 1951 NAACP ililaani kipindi hicho kwenye televisheni pamoja na kingine cha Amos 'n' Andy. Hapa nawapa wakosoaji haki yao yote. Kusahihisha lafudhi ya mhusika kunamsaidia mwigizaji kulala usingizi. Mtazamaji bado anabaki na picha ya jikoni.

Alirekodi vipindi vichache tu vya televisheni kabla ya kuugua saratani ya matiti. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952, katika hospitali ya wafanyakazi wa filamu huko Woodland Hills. Alikuwa ameandika wosia akitaka kuzikwa kwenye makaburi ya Hollywood. Wenye makaburi walikataa kwa sababu ya rangi yake, akazikwa Rosedale. Oscar yake, ambayo kwa washindi wa nafasi za pembeni wakati ule ilikuwa kibao na si sanamu, aliiachia Chuo Kikuu cha Howard, na huko ikapotea. Oktoba 2023 Academy, taasisi inayotoa tuzo za Oscar, ilikipa chuo kibao kipya. Kumbukumbu yake kwenye yale makaburi yaliyomkataa iliwekwa mwaka 1999. Marekebisho haya yote yamefanywa kwa heshima, nami nayapokea, lakini hakuna hata moja linalogusa kosa lenyewe, ambalo ni kazi aliyonyimwa akiwa hai.

Inabaki hoja ngumu kuliko zote, kwamba angeweza kukataa. Fredi Washington alikataa. Baada ya Imitation of Life ya 1934, ambamo aliigiza msichana Mweusi mwenye ngozi nyeupe, studio hazikujua la kumfanyia: mweupe mno kuwa mtumishi, Mweusi mno kuwa mpenzi. Filamu yake ya mwisho ilitoka 1937. Akarudi kwenye jukwaa, akashiriki kuanzisha chama cha waigizaji Weusi mwaka huohuo, na baadaye akaandika katika gazeti la Harlem. Ninamheshimu sana kwa hilo. Lakini kukataa kwake hakukubadilisha nafasi hata moja Hollywood, kama vile kukubali kwa Hattie hakukubadilisha. Baada ya 1940, mwanamke Mweusi wa pili kupata Oscar ya uigizaji alikuwa Whoopi Goldberg, mwaka 1991. Kwa miaka 51 walikuwepo waliokubali na waliokataa, na wote walikuta uamuzi umeshafanywa na wenye studio. Anayetaka kuendelea kumhoji Hattie ahoji, maswali yapo na baadhi nimeyataja hapa. Ila ayapeleke kwanza kwa Selznick na wenzake, waliokuwa na uwezo wa kuyajibu kwa kuandika mhusika mwingine.